Mchuzi Mzito Bila Kitunguu

Siku yangu ya kwanza kwenye jiko la hospitali ya Bawshar, huku nchi ya Waarabu, Mpishi Mkuu alininyang'anya kitunguu nikiwa nimeshakimenya. Nilikuwa nimetoka hoteli moja ya mtaa wa Khuwair nikijiona bingwa. Mzanzibari gani asiyejua kuwa mchuzi huwa mzito kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikalainika kabisa?

"Jiko hili si la kuonesha ufundi," alisema. "Ni la kutibu."

Nilipangiwa wagonjwa wa mlo wa FODMAP, yaani wanaopunguziwa vyakula ambavyo sukari zake huchachuka tumboni na kuleta gesi. Kitunguu maji, thomu, yaani kitunguu saumu, na unga wa ngano vilikatazwa. Bi Rahma wa kijiji cha Qantab, aliyekulia Unguja, ndiye mgonjwa wangu wa kwanza.

"Binti yangu anaolewa mwezi ujao," aliniambia. "Nnataka kula sinia moja na wanangu. Sitaki kutengewa kisahani pembeni."

Huruma ikaniharakisha. Ngano imekatazwa? Nikatia unga wa dengu, kama mama alivyozoea. Mchuzi ukashika vizuri, Bi Rahma akalamba vidole. Alasiri tumbo lilimvimba, akalia kwa maumivu, nami nikalia kwa aibu.

Mtaalamu wa Lishe, ambaye ningeweza kumzaa, hakunigombeza. "Bi Asha, dengu nazo zimo katika marufuku," alisema. "Tujaribu mchele."

Tukakoroga unga wa mchele kwa maji baridi, tukautia mwishoni kidogo kidogo usifanye madonge. Tulitumia majani mabichi ya kitunguu peke yake. Thomu tuliikaanga kwenye mafuta kisha tukaitoa, ikabaki harufu. Bi Rahma alionja kijiko kimoja kwa mashaka, akangoja hadi kesho yake. Tumbo lilitulia.

Basi mwezi uliofuata nikaomba likizo, nikaenda Qantab kupika walima wote wa harusi ya binti yake kwa mchuzi ule, masinia yote sawasawa. Wifi yake mmoja aliapa kwamba nimekaanga gunia zima la vitunguu. Sikumbishia.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaoingia jikoni huniuliza vipimo. Nawapa. Lakini kwanza ulizeni nani atakula, na anatamani kula na nani. Furaha ya kazi yangu niliipata siku ile ya walima, Bi Rahma alipoketi katikati ya binti zake, akanipisha kwenye sinia na kunisogezea mnofu.

"Kula na sisi, Bi Asha," alisema. "Mpishi asiyeonja chakula chake, mie simwamini tena."