Somo la Kidole

Bi Zamda alilea watoto sita kule Kondoa, na hakuna hata mmoja aliyeungua. Dawa yake ilikuwa moja tu. Mtoto akianza kutambaa kuelekea mafiga, alimshika kidole, akakigusisha kidogo kwenye sufuria ya moto, akamwambia, "Moto!" Mtoto alilia mara moja, basi, harudi tena. Mtoto akililia wembe, mpe. Haya, na umeme je?

Mwaka wa hamsini na saba alikuja Arusha kumlea mjukuu wake Msafiri, mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka na nusu. Mwanawe Shomari alikuwa amepanga Levolosi, nyumba yenye umeme, na chini ukutani palikuwa na soketi ya matundu matatu ya kuchomekea pasi. Mkwewe, Sophia, alimwonya siku ileile.

"Mama, pale asipasogelee. Umeme unaua."

"Nimeanza kulea hujazaliwa, mwanangu."

Sophia alipokwenda sokoni, bibi akafanya alivyozoea. Akakishika kidole cha mjukuu, akakibandika kwenye soketi. "Moto!" Lakini soketi ilikuwa baridi kama mtungi. Msafiri akacheka, akaipapasa tena mwenyewe. Hapo ndipo mzoefu alipokosea: alikuwa amemfundisha mtoto kwamba pale hapaumizi.

Siku ya tatu Bi Zamda alikuwa akishona mkeka. Akainuka kuepua maharage, sindano akaiacha juu ya ukili. Anarudi, Msafiri kachuchumaa ukutani, sindano imo kwenye tundu la juu, lile ambalo kwa bahati halina umeme. Mtoto akaichomoa, akaielekeza kwenye tundu la chini. Bi Zamda hakujua alifikaje pale. Alijikuta tu ameshika kanzu ya mtoto, sindano iko sakafuni.

Sophia alimkuta amempakata Msafiri. Bi Zamda angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeona. Akasema yote, na la kidole pia, ameinamisha uso mbele ya mkwewe. Sophia alikasirika hata midomo ikamcheza.

"Kesho tusogeze sanduku lako pale, mama," akasema mwishowe.

"Kesho ya nini? Shika upande huo."

Sanduku likaziba soketi. Lakini Msafiri hakulisahau somo. Miezi mizima, kila asubuhi, alijaribu kupenyeza kidole nyuma ya sanduku, akamgeukia bibi akicheka, apate kusifiwa.