Mkono wa Kushoto wa Mama

“Kama ni mpya, kwa nini wameitengeneza ifanane na ya zamani?”

Mama aliniuliza swali hilo katikati ya duka, mwenye duka akisikia, na mimi sikuwa na jibu. Liliniudhi kuliko lilivyostahili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache kabla, nimerudi nyumbani mtaa wa Nyasho, Musoma, kusubiri kazi ambazo serikali ilikuwa imeacha kuwagawia watu kama mimi, na kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi ni majibu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo maduka ya Musoma yalikuwa yamejaa tena. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tulikuwa bado hatujazoea kuingia dukani na kuulizwa tunataka rangi gani. Skuta ile ilitoka Japani kwa kupitia Dubai, na ilisimama kati ya majokofu na mabunda ya magodoro kama mgeni aliyekosea nyumba. Ilikuwa na rangi ya maziwa. Taa yake ya mbele ilikuwa ya duara, imezungushiwa pete ya kung’aa, na vioo viwili vya pembeni vilikuwa vya duara pia. Mbele ya miguu kulikuwa na ngao pana iliyopinda kama kifua cha njiwa, kisha sakafu bapa ya kuweka miguu, kisha mashavu mawili ya mviringo yaliyofunika kila kitu cha nyuma. Mashine yenyewe huioni. Niligonga shavu moja kwa kidole, likalia kama ndoo.

“Plastiki,” nikasema.

“Plastiki haili kutu, dada,” mwenye duka akajibu haraka. “Hii ni sura ya babu, moyo wa kijana. Haina gia, haina klachi, haina kuchanganya oili na petroli. Unabonyeza hapa inawaka, unavuta resi unakwenda. Hata bibi harusi anaendesha.”

Pembeni yake palikuwa na pikipiki ya kawaida, ndefu, yenye magurudumu makubwa, kwa bei ileile. Nilimwambia mama kwamba mtu mwenye akili angechukua hiyo. Barabara yetu ina mashimo, nikasema, na magurudumu haya madogo yatazama humo kama vikombe. Hiyo sura ya zamani ni ya kuwavuta watu wanaopenda kukumbuka mambo. Mama aliniacha nimalize. Kisha akauliza, “Na hiyo ndefu nitaipandaje na gauni?”

Tukanunua skuta.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi alikuwa amepitwa vyeo na watu wa umri mdogo kuliko wake. Sasa barua ilikuwa imefika: awe mwalimu mkuu wa shule iliyo kwenye njia ya vumbi ya kwenda Butiama, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Makutano, pale ambapo barabara ya Musoma inakutana na barabara kuu. Shule ilikuwa na nyumba ya mwalimu. Lakini bibi yangu, mama yake, alikuwa amelala chumba cha nyuma cha nyumba yetu tangu mwaka uliopita, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na hakukubali mtu mwingine yeyote amgeuze. Nilijaribu. “Toka hapa,” aliniambia, “wewe hata mikono yako inauliza maswali.”

Kwa hiyo mama alitakiwa kwenda na kurudi kila siku. Mabasi yalipita yalivyotaka yenyewe. Kama asingeweza kuendesha kufikia siku ya kufungua shule, angekataa cheo, na alijua hakuna barua nyingine ambayo ingekuja. Tulikuwa na wiki tatu.

Nilijiteua kuwa mwalimu wake. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuendesha hata baiskeli vizuri, ila niliamini kwamba mashine yoyote inaeleweka ukisoma kitabu chake. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani. Nikafuata picha. Jioni moja nilikaa uani nikamweleza mama kila kitu kama niko mbele ya darasa: mkono wa kulia, resi na breki ya mbele; mkono wa kushoto, breki ya nyuma; kitufe cha kuwashia; tenki la petroli na kikopo cha oili, kila kimoja peke yake; chini ya kiti, nafasi ya kofia ngumu; na hapa mbele ya kiti, kindoana cha kutundikia kikapu.

“Hicho nakijua,” mama akasema, na akatundika mkoba wake bila kuangalia.

Tulianza asubuhi kwenye uwanja wa shule, kabla watoto wa mtaa hawajaamka. Dakika mbili za kwanza zilinishangaza. Alikaa wima, magoti pamoja, gauni limetulia, akazunguka goli la upande wa ziwa kana kwamba skuta inajua njia. Nikaanza kujipongeza. Kisha, alipotoka kwenye kona na kuongeza mwendo, nikauona mkono wake wa kushoto ukibana. Gurudumu la nyuma likakaza, skuta ikateleza ubavu, na mama akakaa chini kwenye vumbi, mkoba mapajani, kama mtu aliyesubiri basi.

“Mama, hiyo ni breki!”

“Najua.”

“Unajua halafu unabana?”

Akapanda tena, akazunguka tena, na kwenye kona ileile akabana tena. Siku iliyofuata vilevile. Halafu alikuwa na tabia nyingine: akitaka kusimama, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu, pa, pa, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

“Unakanyaga nini hapo, mama? Unaua mende?”

Wanawake waliokuwa wakienda Makoko kuchukua samaki walianza kupitia uwanjani makusudi, ndoo tupu vichwani. “Mwalimu!” mmoja akapaza sauti. “Unaendesha au unaswaga? Mbona inakataa kama ndama?” Mama alicheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni umri, na kwamba woga wa mwili hauponi kwa maelezo, na usiku nilianza kutunga kichwani namna ya kumwambia aiandikie ofisi barua ya kukataa.

Wiki ya pili alianguka vibaya. Goti lilichubuka hadi nyama ikaonekana, na mkono wa breki ya kushoto ukavunjika katikati. Hakuna fundi wa Musoma aliyekuwa na spea yake. Mmoja alisema tuandike Japani. Mwingine alisema Bunda kuna mtu anayetengeneza skuta tangu enzi zile za kukosa kila kitu, na kama yeye hawezi basi tuigeuze banda la kuku. Tukaipakia kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka dagaa sokoni huko, mama akakaa mbele na goti lake lililofungwa kitambaa, mimi nikakaa nyuma na magunia.

Fundi yule alikuwa na kofia ya kufuma, miwani iliyofungwa kwa waya, na kibanda cha mabati kilichojaa vyuma visivyo na wenyewe. Aliizunguka skuta mara mbili, akaipapasa mashavu.

“Wamemvalisha koti la babu yake,” akasema. “Zile za zamani ndani ya shavu hili ungekuta mashine, hili la kushoto tairi la akiba. Kwa hiyo zililemea kulia, unazisawazisha na makalio. Hii haina kitu. Urembo.” Akamtazama mama, akatazama goti. “Mwalimu, umeangukia wapi?”

“Kwenye kona.”

“Ukiingia au ukitoka?”

“Nikitoka. Nikiongeza mwendo.”

Fundi akaisimamisha skuta kwenye stendi, akamwomba mama akae juu yake na afumbe macho. “Sasa tuko njiani,” akasema. “Umetoka kwenye kona, barabara nyeupe, hakuna ng’ombe. Kimbia.”

Nikaona kwa macho yangu mwenyewe. Mkono wa kulia wa mama ulirudisha resi, vidole vya kushoto vikabana kipande cha breki kilichobaki, na kiganja kikazunguka juu ya mshikio kuelekea chini, kwa wepesi, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake. Mshikio haukuzunguka, kwa sababu skuta ile haikuwa na gia za kuzungusha. Kisha vidole vikaachia taratibu.

Fundi akacheka hadi miwani ikateleza. “Nani anamfundisha huyu?”

“Mimi,” nikasema.

“Wewe! Huyu amefundishwa wewe hujazaliwa. Hiyo ni namba mbili aliyoingiza hapo, tena safi, haina kelele. Hapo kwenye kidole ndipo klachi ilipokuwaga, na pale anapokanyaga ndipo breki ya mguu ilipokuwaga. Macho yanaona skuta ileile, mikono inafanya kazi ileile. Mwalimu, uliendesha wapi?”

Mama alifumbua macho. Alisema kama anayetaja kitu cha kununua sokoni kwamba aliwahi kuwa msimamizi wa madarasa ya watu wazima vijiji vya Kiriba, na ofisi ilimpa skuta. “Nilikuwaga nazunguka wiki nzima,” akasema. “Nabeba ubao mgongoni, chaki kwenye kindoana. Halafu petroli ikaisha. Halafu tairi. Ikawekwa stoo, kila mtu akawa anang’oa anachotaka. Nikarudishwa darasani.”

“Plagi ilikuwa bidhaa ya magendo wakati ule,” fundi akasema. “Gasketi tulikuwaga tunakata kwenye majalada ya madaftari.”

“Ndiyo nyie mliomaliza madaftari yangu,” mama akamwambia, na wakacheka pamoja kama watu waliosoma shule moja.

Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale. “Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Hukuuliza.”

“Nisingejua kuuliza!”

“Unauliza bei ya chumvi, unauliza Mungu yuko wapi, unauliza serikali imekula nini. Hilo hukuuliza.” Kisha akapoza sauti. “Halafu ulikuwa umekaa ndani miezi, mwanangu. Ulivyotoka uani na kile kitabu, uso wako ulikuwa umechangamka. Nikasema acha nifundishwe.”

Fundi alijifanya anatafuta spana. Alichonga mkono wa breki kutoka kwenye pikipiki iliyokufa, akaupiga tupa hadi ukakaa. Baada ya hapo akakata ukanda wa mpira kutoka kwenye tyubu ya lori, akauzungusha kwenye mshikio wa kushoto, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama muhogo. Nilimuuliza wa nini. “Mkono wake ukishika kitu kizuri unakumbuka ya zamani,” akasema. “Ukishika kitu kibaya utajiuliza uko wapi. Akijiuliza tu, hajabana.”

Niliona ni uganga. Nilimwambia hivyo mama njiani kurudi. Lakini wiki ya mwisho, uwanjani, nilihesabu: siku ya kwanza alibana mara tatu, ya pili mara moja, ya tatu vidole vilinyanyuka vikaning’inia hewani kidogo, vikatulia. Mimi sikuwa tena na la kufundisha. Nilikaa kwenye nyasi, nikamwangalia akipita na kurudi, na kwa mara ya kwanza nikaona umbo lile lilivyomfaa: ngao ikizuia vumbi lisifike gauni, mashavu yakificha mafuta yasimguse, yeye ameketi kama yuko kwenye kiti cha ofisi. Siku ya nne alitoka uwanjani bila kuniambia, akaenda hadi Makoko, akarudi na sato wawili kwenye kindoana.

“Nani amekutuma?” nikamuuliza.

“Bibi yako ana hamu ya mchuzi.”

Siku ya kufungua shule aliondoka giza halijaisha. Alikuwa amemgeuza bibi, amemlisha uji, amevaa gauni la bluu na kofia ngumu juu ya kilemba. Kofia haikukaa vizuri, akavua kilemba akakitia chini ya kiti. Aliwasha kwa kubonyeza, na mguu wake, bado haujui, ukatafuta kiki ya kuwashia. Kisha akaingia barabarani. Nilisikia mlio wake mwembamba mpaka ulipomezwa na mlio wa lori.

Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimuuliza barabara ya Butiama ikoje. “Nzuri,” akasema, akanawa mikono, akaingia kwa bibi. Tuliamini hivyo, bibi na mimi. Baadaye nilipata kazi Mwanza, na kila nilipomsimulia mtu habari za mama yangu nilisema aliendesha skuta kutoka mlangoni kwake hadi mlango wa darasa tangu siku ya kwanza.

Miaka mingi imepita, na mama amekwisha kustaafu. Mwaka juzi basi letu lilipata pancha Makutano. Nikakaa kunywa chai kwa mama mmoja mzee ambaye alinitazama sana, kisha akasema, “Wewe si mtoto wa mwalimu wa skuta? Umefanana naye.”

Nikamwambia ndiyo.

“Nilikuwaga namtunzia skuta yake hapa nyuma ya banda.”

Nikasema labda anamfananisha na mwingine, mama aliendesha hadi shuleni. Akatikisa kichwa. Mwalimu alimwambia kwamba kwenye kokoto mkono wake bado haujaamini kwamba klachi haipo, na hataki watoto wamwone anaanguka kabla hawajamwona akifundisha. Muhula mzima wa kwanza, mama yangu aliendesha hadi Makutano tu. Pale alivua viatu, akavishika mkononi, akaenda kwa miguu hadi shuleni, na jioni akarudi vilevile.