Makofi ya Salamu

Mganga mfawidhi wetu alikuwa na wimbo mmoja: "Sista, wewe Mungu kakupa mdomo. Sindano waachie wenzako." Hadi leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Mwaka 2013 nilihamishwa kutoka Kibondo kwenda kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Kasulu. Wauguzi wenzangu walikuwa wageni, Kiha hawakijui. Mimi nimezaliwa Kitahana, kwa Waha wenyewe. Mama wa makamo akiingia, nilimsalimia kama nilivyofunzwa nyumbani: nainama, napiga makofi taratibu, nauliza habari za watoto, shamba, mvua, naye anaitikia kwa makofi mpaka salamu ziishe. Wakisalimiwa hivyo wagonjwa walifunguka, hata waliokuwa wameshageuka kurudi nyumbani. Sikatai, ni kipaji, na nilikifurahia.

Basi nikawekwa mlangoni kupokea wagonjwa. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha. Nikiomba zamu ya wodi ya wazazi naambiwa, nani atatuliza watu? Chuoni nilikuwa naupata mshipa wa mtoto mchanga kwa kupapasa tu. Sasa mikono yangu kazi yake ikawa kupiga makofi.

Mchana mmoja akaletwa kwa pikipiki mama aliyejifungulia njiani, damu inamtoka. Mkunga alikuwa na mzazi mwingine. Nilibaki mimi. Nikamfunga mpira mkononi, nikapapasa, nikachoma, nikakosa. Nikahamia mkono wa pili, mshipa ukapasuka na kuvimba. Mdomo, huo haukukosea hata neno: ulimbembeleza kwa Kiha kizuri kabisa, na yeye anazidi kuwa wa baridi. Nilitamani niuzibe kwa plasta.

Mkunga akaja mbio, akanisukuma pembeni, kanula, ile sindano ya dripu, ikaingia mara moja. Dripu ikaanza kushuka. Yule mama akapona.

Jioni mfawidhi akanipongeza. "Umemtuliza vizuri sana, sista."

"Nimemtoboatoboa tu!" nikamwambia mbele ya watu, sauti juu. "Kuanzia kesho asubuhi niko wodini. Mlangoni nitakuja mchana."

"Tutalizungumza," akasema.

Tutalizungumza! Kana kwamba mazungumzo ndiyo yaliyokuwa yamepungua pale kituoni.

Asubuhi sikumngoja. Nilichukua trei nikaingia wodini, mkunga akanielekeza kwa mgonjwa wa kwanza. Nilikuwa nimeshafunga mpira alipoingia mama mzazi wa yule wa jana. Binti mwenyewe alikuwa amelala kitanda cha pili, mikono yote miwili imevimba kwa kazi yangu. Bibi akapiga magoti sakafuni, mtu mzima yule, akaanza kunipigia makofi.

"Mwana wanje," akaniita mwanawe, "maneno yako ndiyo yamemponya."

Afadhali angenitukana. Nyumbani tulifunzwa kwamba mkubwa akikupigia makofi unaacha chochote ulichokishika, unainama, unaitikia kwa makofi.

Nilimwitikia kwa mdomo tu. Kidole changu kilikuwa juu ya mshipa, na sikukiondoa.