Njiwa wa Baba Mdogo

Wiki iliyopita fundi alikuja kupaka geti langu hapa Kimandolu. Harufu ya rangi ya mafuta iliponifikia jikoni nikaacha vitunguu kwenye sufuria, nikatoka kuinusa. Fundi alinitazama akidhani nimechanganyikiwa. Angejua.

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Akheri, harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha shule ya Jumapili. Baba mdogo, aliyekuwa akichora mabango ya saluni na bucha kule Levolosi, aliombwa atuchoree gharika ya Nuhu ukutani. Alichora wiki nzima akipiga mluzi, mimi nikimshikia makopo. Safina akaitua juu ya Mlima Meru, migomba ikichungulia majini, na Nuhu akamvisha koti la mvua na mabuti. Nilicheka mpaka nikamwaga rangi ya bluu.

Kisha akamchora njiwa, na mdomoni akamwekea jani la isale.

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa kiherehere, wa kwanza katika kila shindano la Biblia, najua mistari mpaka wenzangu wananikwepa. Nikamwambia, "Baba mdogo, ni mzeituni."

"Najua, mama," akasema, akaendelea kuchora.

Basi mimi huyo, mbio kwa mwinjilisti. Akaja, akatazama, akakunja uso. Neno la Mungu halibadilishwi, alisema. Jumapili baada ya ibada ukuta utapigwa chokaa. Baba mdogo aliosha brashi zake taratibu, bila mluzi, na makopo akayabeba mwenyewe. Roho iliniuma. Nilikuwa nimesema kweli, na bado nilijiona msaliti.

Jumapili ndoo ya chokaa ilikuwa mlangoni. Watu waliingia kuiona picha kabla haijafutwa, na bibi yangu akasimama mbele ya njiwa muda mrefu, ameegemea fimbo yake.

"Mwinjilisti," akauliza, "huo mzeituni ukoje?"

"Ni mti wa Nchi Takatifu, bibi."

"Umewahi kuuona?"

Mwinjilisti akakohoa.

"Mimi isale naijua," bibi akasema. Sote tuliijua: kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hata awe na hasira kiasi gani hawezi kukufukuza. "Kumbe sisi ndio tuliokosa, na bado Mungu ndiye aliyetangulia kuleta isale."

Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, huku anacheka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti naye, Mungu ambariki, akashindwa kuzuia kicheko. Ile chokaa ikaishia kwenye mawe ya bustani.

Picha ilikuwa imepona, lakini mimi na baba mdogo bado. Nikakimbia hadi uani kwa bibi, nikachuma jani, nikampelekea kwa mikono miwili, macho chini. Akaligeuzageuza.

"Una hakika si mzeituni hili?"

Akalichomeka kwenye mfuko wa shati, akanikabidhi makopo.

Ni ukubwani nilipoelewa kilichonipata siku ile. Mstari wa njiwa nilikuwa naujua neno kwa neno tangu nina miaka saba. Ila kufurahi kwamba maji yamekauka, hilo sikuwahi, mpaka nilipouona ukuta wa baba mdogo kwa macho ya bibi.