Bibi Aliyesoma Jina Kabla ya Kulipa

Nimefundisha lugha hadi kustaafu, na sijapata kuandika sentensi ambayo sikuwa tayari kuitetea mbele ya darasa. Hii nayo naitetea: mchana wa Alhamisi moja, katika fremu ya duka la dada yangu pale Chang'ombe, tulimuuzia ugoro mtu aliyekwisha kuzikwa. Akalipa. Tena alilipa kwa simu.

Dada yangu mdogo, Zuhura, husaga ugoro kama alivyosaga marehemu mama yetu, na kila kopo hubandikwa jina la mama. Wateja wake ni wazee walioanza kuutumia zamani, na wengi huagiza kupitia tovuti ambayo maneno yake niliyaandika mimi, nukta kwa nukta. Watoto hawauziwi, kwa hiyo kabla ya kuagiza mnunuzi hujaza mwaka aliozaliwa.

Mwanzoni malipo yalipitia kampuni moja inayopokea fedha kwa niaba ya maduka ya mtandaoni. Asubuhi moja kampuni hiyo ilituandikia mistari miwili: tumbaku haimo katika bidhaa inazozihudumia, na huduma yetu imefungwa. Tukazijaribu kampuni nyingine mbili. Zote zilitukaribisha kwa maneno matamu mpaka ziliposikia neno tumbaku. Ndipo tukaweka kwenye ukurasa namba ya simu ya Zuhura, mteja atume fedha moja kwa moja.

Haukupita mwezi, simu za lawama zikaanza.

"Dada, ugoro wangu unaletwa na nani, konokono?" aliuliza fundi mmoja wa Mbagala. "Mie nimetuma hela tangu Jumatatu!"

"Zuhura we," mama mmoja alimwambia, "ukila hela ya mzee wangu utapiga chafya mpaka kiama."

Zuhura aliapa kwamba hakupokea kitu, na ni kweli hakupokea. Nani angemwamini? Siku ya Jumatano mjumbe alileta barua: Jumamosi afike ofisi ya serikali ya mtaa, akajibu mashtaka ya wizi mbele ya wateja wake. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Kaka, nikishindwa kujieleza nafunga duka. Lililobandikwa kwenye kopo ni jina la mama, si langu."

Kesho yake, yapata saa sita na nusu mchana, umeme ulikatika. Mafundi wa kuchomelea wakaenda kula, na mtaa usiojua kunyamaza ukanyamaza. Zuhura alikuwa amenyunyiza maji kizingitini kutuliza vumbi. Pengine utauliza: mzuka gani huu unaotembea mchana? Wazee wa pwani walitukanya tusizurure jua la utosi, nami maisha yangu yote nilidhani walihofia tu tusiugue kichwa.

Akaingia bibi kizee mwenye kanga zilizofifia, mkononi ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kuonyesha picha yoyote. Alinukia karafuu.

"Shikamoo, bibi," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mie Kidawa, natoka Kunduchi. Duka la mtandaoni ndilo hili?"

"Ndilo, bibi. Karibu."

"Basi mna mtambo hauna adabu. Umeniuliza mwaka niliozaliwa. Nikauandika, ukaniambia mwaka huo haupo. Sasa mie nilizaliwa nje ya dunia?"

Zuhura akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

"Wewe bibi, tunakuuzia bila kukuuliza mwaka."

"Ngoja, sijamaliza. Nikasema nitume hela kabisa, kwa namba ile ya kwenye ukurasa. Kabla sijatia namba ya siri, likatokea jina la mwanamume. Je, wewe ni mwanamume?"

"Mie? Hapana, bibi!"

"Ndiyo maana nikaghairi. Simlipi mtu nisiyejua kwao."

Zuhura aliifungua tovuti kwenye simu yake, akaganda. Namba iliyokuwa pale haikuwa yake. Niamini, aibu ilinipanda hadi masikioni. Kila asubuhi niliupitia ukurasa ule nikitafuta alama za mkato zilizokosewa, na hata siku moja sikuisoma namba.

"Lakini mwizi ameingiaje kwenye tovuti?" nikauliza. "Neno la siri tunalijua wawili tu."

Bibi akainua kidole, akaelekeza ukutani nyuma ya kaunta. "Wawili, pamoja na kila aliyetazama picha za makopo yenu."

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Tovuti ilidai neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao, na Zuhura alikuwa akilisahau kila juma. Kwa hiyo nililiandika kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi, nikalitia kioo, nikalitundika ukutani kando ya Ayatul Kursi. Niliona nimeweka walinzi wawili bega kwa bega. Chini yao palikuwa na rafu yenye mwanga mzuri, na hapo ndipo Zuhura alipoyapanga makopo na kuyapiga picha za kuweka mtandaoni. Katika kila picha maandishi yangu yalionekana wazi nyuma ya bidhaa.

"Hiyo ya kulia ni kinga," bibi alisema. "Hii ya kushoto, mwalimu, ni ufunguo umeuning'iniza kwenye kitasa." Akalisoma neno letu la siri kwa sauti, lote, hata alama ya mshangao aliitaja, ingawa mboni zake zilikuwa nyeupe kwa mtoto wa jicho. Kisha akatabasamu. "Ila hati yako nzuri. Mwizi hakupata taabu kuisoma."

Zuhura alimtajia namba iliyo sahihi. Bibi akabonyeza taratibu, akasoma jina kwa sauti, akasema, "Naam, sasa ni wewe," ndipo akalipa. Ujumbe ukaingia, ukiwa na jina lake. Akachukua kopo moja, akatuaga.

Nilitoka mara moja nikamsaidie kuvuka barabara. Mtaa ulikuwa mtupu pande zote mbili. Suala la kivuli silitaji, maana saa ile jua humnyima kila mtu kivuli. Nataja kizingiti. Kwenye ule udongo mbichi zilikuwepo alama za viatu vyangu na za kandambili za Zuhura. Alama za mtu wa tatu, sikuziona.

Jioni ile ile tulibadili neno la siri, tukairudisha namba ya Zuhura na kuziondoa picha. Jumamosi ofisi ya serikali ya mtaa ilifurika. Zuhura alisimama, akamwamkia mwenyekiti, akasema, "Naomba kila aliyetuma hela atusomee kwa sauti jina lililo kwenye ujumbe wake."

Fundi wa Mbagala akasoma la kwanza: jina la mwanamume. Mama wa chafya akasoma jina lile lile.

"Sasa huyu nani?" fundi aliuliza.

"Unaniuliza mie?" Zuhura alisema. "Hela mmempa nyie!"

Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wakaandika barua ya kwenda polisi, na namba ya mwizi ikiwa juu kabisa. Mama wa chafya ndiye aliyeanzisha vigelegele, na fundi akaagiza makopo mawili palepale, akilisoma jina la Zuhura mara tatu kama mtoto wa chuoni anayekariri aya. Jina la mama yetu likabaki kwenye makopo.

Jumapili tulibeba zawadi tukaenda Kunduchi kumshukuru Bi Kidawa. Namba yake haikupatikana, tukaulizia sokoni, tukaelekezwa kwa binti yake anayekaanga samaki. Alitugeukia, mwiko mkononi.

"Mama tulimzika mwaka jana. Simu yake imo kashani, na betri niliitoa mwenyewe."

Tukamwonyesha ule ujumbe. Alinawa mikono, akatupeleka kwake, akafungua kasha mbele yetu. Simu ilikuwemo, haina betri. Juu yake lilikaa kopo letu, limefunguliwa, na ugoro umepungua kiasi kinachoshikwa kwa vidole viwili.

Nilitazamia kilio. Binti yule aliketi sakafuni akacheka hadi machozi. "Miaka kumi nilimficha ugoro kwa sababu ya kifua chake! Mama wee! Umeupata!" Nasi tukacheka naye, na samaki tulioletewa sahani nzima sijala watamu kama wale.

Tangu hapo, kila Alhamisi mchana Zuhura huacha kopo moja rafuni bila kifuniko. Kesho yake asubuhi husema limepungua. Mimi sijalipima, na sitalipima. Ukutani imebaki Ayatul Kursi peke yake.

Nawe unayesoma, chukua onyo hili kwa mtu aliyeaibishwa na marehemu. Usitundike ufunguo wako kando ya kinga yako. Usitume hela kabla hujalisoma jina, hata kama una haraka. Na jua likiwa utosini, akija dukani kwako bibi anukiaye karafuu, mwamkie, umuuzie, na mwaka wake wa kuzaliwa usimuulize.