Neno Lisilo na Karatasi

Sisi wa klabu ya Nkoma tunamwita Afande tu, kwa kuwa ni askari wa magereza. Kila Jumamosi alasiri huja na sare yake kucheza nasi mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vipande vya herufi. Huvifuta kimoja kimoja kwa kidole gumba, na kila neno analoliweka ubaoni hulitajia maana kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeita majina ya wafungwa asubuhi. Ate, alikula. Eat, kula. Tea, chai. Sisi wengine tumekariri mamia ya maneno mafupi bila kujua maana yake, na tunashinda nayo. Yeye ana daftari la maneno na maana zake.

Siku watu wa Jinja walipokuja kuwania kombe, alibaki na herufi tatu, e, t na a. Mpinzani wake wa Jinja, Rania, muuza vitambaa wa Mafubira, alimzidi pointi mbili. Nilisimama nyuma ya Afande, nikaona nafasi inayokubali neno eta peke yake, nalo lingetosha kumpa ushindi. Aliitazama, kisha akaiacha bila kuweka kitu. Kombe likaenda Jinja.

“Afande, eta uliiona,” Rania alimwambia wakipeana mikono.

“Niliiona. Lakini sijui maana yake. Kwetu gereza, mtu akiletwa bila karatasi, hatupokei.”

Wenzangu walinuna wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alifika mapema, akafungua daftari, akaniwekea kidole chini ya mstari mpya: eta, herufi ya Wagiriki.

“Karatasi yake imefika,” alisema, akavuta kiti.