Tangi la Pili Lilikuwa Tupu

Niliondoka Kiriba, kijiji chetu kando ya ziwa, kwa sababu ya mtu mmoja, na jina lake nalitaja mapema: Majura, mume wa dada yangu. Alikuwa Dar es Salaam akiandaa boti za tanga za wageni wanaovuka bahari. Akanipigia simu: "Shemeji, tanga unalijua tangu mdogo. Kuna boti ndogo inakwenda Shelisheli, wanataka mtu." Sangara walikuwa wameshakimbia nyavu zangu. Nikasema haya. Sasa huku nyumbani wanasema nilimaliza maji nikamuua mwenzangu. Ndiyo maana naandika. Nina darasa la nne tu, lakini kalamu naishika.

Bunda nilipanda basi alfajiri, na mfuko wa unga wa muhogo mapajani.

Dar es Salaam, siku ya kung'oa nanga, tulikuwa watatu: Bruno, mzungu mwenye boti na nahodha wake; Athumani wa Tanga, mpishi, mtu mzima kama mimi; na mimi. Kazi ya kujaza maji ilikuwa ya Majura. Matangi mawili, yako chini ya vitanda. Niliyagonga kwa vidole, kama tunavyogongaga madumu huku kwetu. La kwanza likajibu zito. La pili likalia kama ngoma.

"Shemeji, hili la pili halina maji."

Majura akacheka mbele ya watu. "Hapo kuna geji ya kupimia maji, shemeji. Geji inataka shule. Au utagonga na bahari?"

Bruno akaangalia karatasi ya Majura, imeandikwa yamejaa, akatia sahihi. Mfuniko hakufungua, wala geji hakuitazama. Na mimi nikanyamaza. Na mimi niandikeni kwenye kosa hilo.

Siku sita za mwanzo maisha yalikuwa ya kamba. Unashika usukani kwa saa tatu, umejifunga kamba kiunoni. Unalala ubao ubavuni usidondoke. Sufuria nayo imefungwa jikoni, maana jiko lenyewe linabembea. Zamu yangu ya kwanza kumpokea Athumani jikoni, nilitoa mkono nje, nikachota maji, nikasonga ugali. Ziwani nani anabebaga maji? Unachota ubavuni, unakunywa, unapika. Athumani akatia tonge mdomoni, akatema.

"Mzee wa Ziwa! Umetusongea chumvi ukatia na unga kidogo!"

Tulicheka mpaka Bruno akauliza kuna nini. Tangu hapo kila asubuhi Athumani alinipimia maji yangu mwenyewe, vikombe vitatu. "Haya, Mzee wa Ziwa, chota hapa, siyo kule." Cha nne sikuwahi kugusa. Kuoga tulioga ya chumvi.

Siku ya saba upepo ulikufa. Tanga lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Injini ikasukuma siku moja, mafuta yakaisha.

Siku ya tisa tangi la kwanza lilikauka. Athumani akafungua bomba la pili. Likakohoa hewa. Akanigeukia.

"Uligonga wewe."

"Niligonga."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

Nikainama, nikaligonga tena. Likalia ngoma ile ile.

Siku nne tuligawana maji ya kwenye makopo ya maharage. Bruno aliita kwenye redio mpaka sauti ikamkauka, hakuna meli iliyoitika. Athumani alikuwa na ugonjwa wa sukari, akaishiwa nguvu kabla yetu. Alfajiri ya siku ya kumi na tatu alikufa.

Mchana ule ule mvua ikaja. Nilitandaza tanga kama turubai la dagaa, maji yakajaa sufuria, ndoo, mpaka viatu. Nilikunywa huku natukana.

Upepo ulirudi na mvua, ukatufikisha Shelisheli, na polisi wakatuuliza habari za Athumani. Bruno akasema ni bahati mbaya. Nikasema kupitia mkalimani: "Siyo bahati. Majura hakujaza, huyu hakukagua, mimi nilinyamaza." Yule askari aliandika. Kama na yangu aliyaandika, sijui, maana ilikuwa kwa Kiingereza.

Musoma nilifika Majura ameshanitangulia. Alikuwa amewaambia watu nimeoga maji ya kunywa. Pale ufukweni Makoko nilipoomba nafasi kwenye mtumbwi wa kuvua, mwenye mtumbwi akanijibu, "Kaa huko bwana, utatumalizia ziwa."

Butiama nilikwenda siku ya mnada, makusudi. Majura ana duka pale siku hizi, anauza matangi ya plastiki, kayapanga nje. Akaniona. "Karibu shemeji! Umekuja kuoga?" Watu wakacheka.

Nikaanza kugonga. La kwanza, la pili, la tatu. La mwisho ni lile analotumia mwenyewe. Nikamgeukia mama mmoja aliyekuja kununua.

"Mama, lipi lina maji?"

"Si hilo la mwisho? Linasikika."

"Umesoma geji?"

"Geji ndiyo nini, baba?"

Kicheko kikakatika. Nikaeleza yote pale, kuanzia karatasi mpaka alfajiri ile, na jina la Athumani nikalitaja mara tatu. Majura akanishika mkono. "Shemeji, mambo ya familia tuongee ndani."

"Athumani naye alikuwa na familia," nikasema, nikautoa mkono wake.

Makoko wamenichukua sasa. Wengine bado wananinunia, wanune. Nilichojifunza ni hiki: masikio yangu hayakuhitaji darasa la tano. Kila asubuhi, kabla hatujasukuma mtumbwi, nagonga madumu yote ya mafuta, moja moja. Vijana wananicheka, eti mzee anapiga hodi.

Wacheke. Nagonga.